Hesabu ya Senti 50: Nani Hula Madini ya Kenya?

Nyuma ya nyumba ya kukhu yangu, Ikolomani, kuna shimo. Tukienda ocha Disemba, amri ya kwanza tuliyopewa ilikuwa moja tu: msikaribie hilo shimo. Mimi mtoto wa Nairobi nilidhani ni choo cha zamani. Nilikuwa kidato cha pili nilipouliza, na kukhu akacheka mpaka akashika mbavu. "Hilo ni la dhahabu, mjukuu wangu. Babu ya babu yako aliliona likichimbwa na wageni."

Wazee huko husema hata jina Ikolomani ni maneno ya Wazungu, gold mine, yaliyopita kwenye midomo ya wenyeji yakatoka hivyo. Yaani tunaishi ndani ya jina la mgodi, na bado kukhu hupikia kuni.

Hiyo ndiyo ilinifanya nianze kusoma sheria za madini. Najua, najua, inaboa. Lakini nipe dakika tano, kwa sababu hii hadithi inahusu doo, na hiyo doo ni yetu.

Tuanze 1930. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyosema kwamba maeneo yaliyotengewa Waafrika yatakuwa yao milele. Shika hilo neno. Kama serikali ingetaka kumega kipande, ilipaswa kurudisha kipande kingine cha ukubwa na thamani ile ile, na baraza la wenyeji liarifiwe kwanza.

Mwaka uliofuata, 1931, Mmarekani anayeitwa L. A. Johnson akapata dhahabu Kakamega. Wakati ulikuwa mbaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, bei ya mahindi na kahawa iko chini, masetla wengi wamefilisika. Kusikia dhahabu, wakamiminika kwa mamia na mahema yao, wakaanza kuchimbachimba kandokando ya mito na ndani ya mashamba ya watu.

Sasa serikali ikakumbuka ile sheria yake. Kurudisha ardhi kwa ardhi? Kuuliza baraza? Hiyo ingechelewesha mambo. Disemba 1932 sheria ikarekebishwa. Ardhi ya kuchimba madini ingeweza kuchukuliwa kwa fidia ya pesa tu, na baraza la wenyeji halikuwa lazima liarifiwe. Huko Uingereza kwenyewe kukawa na kelele, bungeni na magazetini, lakini mabadiliko yakapita.

Milele ilidumu miaka miwili.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulichimbwa pale Kakamega hadi 1952, ukafungwa. Wachimbaji wakaenda. Mashimo yakabaki.

Kabla hawajaenda, mwaka 1940, ikaja Sheria ya Madini iliyosema kwamba madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Taji la Uingereza. Shamba linaweza kuwa lako, lakini jiwe lililo chini yake si lako. Tukapata uhuru 1963. Unadhani hiyo sheria ilitupwa? Wapi. Taji lilitoka, Serikali ikakaa kwenye kiti kile kile. Sheria ya 1940 ilitutawala hadi 2016. Miaka 76! Na kwa muda huo wote haikumtambua mchimbaji mdogo. Wale akina mama wa Ikolomani unaowaona wakiponda mawe na kuchekecha mchanga wenye zebaki kwa mikono mitupu, kisha wakamuuzia broka kwa bei aliyojipangia mwenyewe, sheria iliwaona kama watu wanaovunja sheria.

Katiba ya 2010 ilibadilisha lugha. Kifungu cha 62 kinasema madini ni ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inayashika kwa niaba ya wananchi. Kuna tofauti kati ya mwenye mali na mtu aliyepewa aishike. Aliyeshikiwa ana haki ya kuuliza hesabu. Kifungu cha 71 nacho kinataka mikataba ya rasilimali asilia ipelekwe Bunge iidhinishwe.

Halafu ikaja Sheria ya Madini ya 2016, na hapa ndipo nataka utoe simu ufungue kikokotoo.

Kampuni ya kuchimba madini hulipa vitu viwili vikubwa. Kwanza ni kodi ya faida, kama kampuni nyingine yoyote. Shida ni kwamba faida ni kitu cha kujadiliana. Kampuni inaweza kuonyesha madeni, mashine, riba, na mwisho wa mwaka ikasema buda, tumepata hasara. Ndiyo maana kuna kitu cha pili, mrabaha. Huu haujali faida. Unakatwa kwenye thamani ya madini yaliyouzwa. Umeuza, umelipa.

Tuseme mrabaha ni asilimia 5. Kwa kila shilingi 100 za madini yaliyouzwa, shilingi 5 zinaingia serikalini. Sheria ya 2016 inagawa hizo 5 hivi: asilimia 70 inabaki kwa serikali ya kitaifa, 20 inaenda kaunti, 10 inaenda kwa jamii inayoishi pale madini yanapochimbwa. Piga hesabu. Nairobi inapata 3.50. Kaunti inapata shilingi moja. Jamii, watu waliohamishwa, waliovuta vumbi, wanaoishi na shimo, wanapata senti 50.

Senti 50 kati ya shilingi 100. Na hizo senti 50 zilifika?

Twende Kwale. Base Titanium ndio ulikuwa mgodi mkubwa kuliko yote nchini. Kabla ya kazi kuanza, familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa. Shehena ya kwanza ya madini ilitoka bandarini Februari 2014. Mrabaha wa mkataba ulikuwa asilimia 2.5, na serikali ikabishana na kampuni kwa muda mrefu ikitaka upande hadi 5. Kwa hiyo fungu la jamii, kwa kiwango cha mkataba, si senti 50 tena. Ni senti 25. Na hata baada ya sheria ya 2016 kupita, watu wa Kwale walingoja miaka na miaka. Asilimia iliandikwa, lakini njia ya kuitoa Nairobi hadi kijijini haikutengenezwa. Nani ataipokea? Kwa akaunti gani? Jamii ni nani hasa, kijiji, wadi au kaunti ndogo? Maswali ya ofisini, lakini ndiyo yaliyozuia pesa.

Disemba 2024 mgodi ukafungwa. Madini ya kuchimbika kwa faida yalikuwa yameisha. Mahindi ukivuna, utapanda tena. Madini ukivuna, umevuna mara moja. Kila mwaka pesa ilipokwama Nairobi, mchanga wa Kwale uliendelea kupakiwa melini.

Sitaki uondoke ukisema sheria ni karatasi tu. Hapo hapo Kwale kuna kilima kinaitwa Mrima. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba pale mwaka 2013, na mwaka huo huo waziri Najib Balala akaifuta. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye mahakama ya kimataifa ya usuluhishi. Mwaka 2018 ikashindwa. Moja ya sababu kubwa ni kwamba leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria. Ule utaratibu tunaouona kama kupoteza muda, fomu na ripoti na mikutano, ndio uliookoa nchi isilipe mabilioni.

Sasa rudi nami Ikolomani. Dhahabu imerudi kwenye midomo ya watu. Kuna mpango wa kuchimba kwa mashine kubwa Isulu na Bushiangala, na swali la kuhamisha familia limeleta mvutano mkali. Nikimpigia kukhu simu, hasemi mengi kuhusu dhahabu. Anauliza makaburi yatakuwaje. Anauliza kama watapewa shamba au watapewa pesa.

Shamba au pesa. Ni swali lile lile la 1932, na yeye hajawahi kusoma sheria hata moja.

Tofauti ni kwamba mwaka 1932 baraza halikuhitajika hata kuarifiwa. Leo lazima tuulizwe, Katiba inasema hivyo. Lakini wasee, kuulizwa si kukaa kwenye hema, kunywa soda na kuandika jina kwenye orodha ya waliohudhuria. Mkutano ukiitwa kwenu, nenda na maswali manne: mrabaha ni asilimia ngapi? Fungu la jamii litapita akaunti gani, na linaanza lini? Anayehamishwa analipwa ardhi au pesa? Shimo litafukiwa na nani, kwa pesa iliyowekwa wapi?

Na majibu yaandikwe. Disemba hii naenda ocha na daftari, na nitakaa kiti cha mbele karibu na kukhu. Amesema yeye atauliza kuhusu makaburi, mimi niulize kuhusu hizo senti 50.