Professor Jay: Mtunzi wa "Ndio Mzee" Aliyekuwa Mbunge wa Mikumi

Joseph Haule, anayefahamika zaidi kwa jina la Professor Jay, ni mtunzi na msanii wa rap wa Tanzania aliyeliwakilisha Jimbo la Mikumi bungeni kuanzia mwaka 2015 hadi 2020. Jimbo hilo limo katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na linapitiwa na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia.

Haule alizaliwa Desemba 29, 1975. Katikati ya miaka ya 1990 alijiunga na kundi la Hard Blasters, akiwa na Fanani na Big Willy. Wakati huo rap ilikuwa bado changa nchini. Vijana wengi waliiga mitindo ya Marekani, na wazazi wengi waliiona rap kuwa muziki wa wahuni. Hard Blasters walijikita katika Kiswahili. Albamu yao, Funga Kazi, ilitoka mwaka 2000 ikiwa na wimbo "Chemsha Bongo", na redio binafsi zilizoanza miaka ya 1990 ziliufikisha hata kwa watu wazima.

Mwaka 2001 Haule alitoa albamu yake binafsi ya kwanza, Machozi, Jasho na Damu, iliyorekodiwa na mtayarishaji P-Funk wa Bongo Records. Humo ndimo ulimo "Ndio Mzee", utunzi uliompa heshima kubwa. Katika wimbo huo, mgombea amesimama jukwaani akimwaga ahadi zisizotekelezeka, na umati unaitikia kila anachosema.

Kupokezana huko kuna mizizi katika ushairi wa Kiswahili. Mathias Mnyampala wa Dodoma aliasisi ngonjera, mashairi ya majibizano yaliyotumika kueneza siasa ya Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika ngonjera, wanaobishana aghalabu huishia kukubaliana. Katika "Ndio Mzee", kukubali bila kuhoji ndiko tatizo lenyewe, na msikilizaji huachiwa ayapime maneno ya mgombea. Baadaye Haule alitunga "Siyo Mzee", ambamo wananchi sasa wanakataa. Kwa tungo hizo mbili, rap ikawa darasa la uraia kwa kizazi kilichokulia katika mfumo wa vyama vingi. Albamu ya Mapinduzi Halisi ilifuata mwaka 2003.

Njia ya wasanii wa rap kuingia bungeni ilifunguliwa mwaka 2010, Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu, aliposhinda Jimbo la Mbeya Mjini kupitia chama cha upinzani cha CHADEMA. Miaka mitano baadaye, Haule alishinda Mikumi kwa tiketi ya chama hicho. Aliyewachora wagombea katika nyimbo sasa alipaswa kujibu maswali ya wapiga kura wa Mikumi, Ruaha na Kidodi, eneo ambalo wakulima wengi hutegemea miwa. Katika uchaguzi wa mwaka 2020, kiti hicho kilichukuliwa na Denis Londo wa chama tawala, CCM.

Mapema mwaka 2022 Haule aliugua sana na kulazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Alipopata nafuu alirejea na wimbo "Siku 462", unaosimulia kipindi hicho cha ugonjwa, na mwaka 2023 akaanzisha taasisi yenye jina lake kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa wa figo.