Filmfare: Tuzo Iliyofunzwa na Waliogoma

Tarehe 21 Machi 1954, katika ukumbi wa sinema wa Metro mjini Bombay, zilitolewa tuzo tano tu. Bimal Roy aliondoka na mbili, ya picha bora na ya mwongozaji bora, kwa Do Bigha Zamin, kisa cha mkulima anayekwenda Calcutta kuvuta riksho ili akomboe kipande chake cha ardhi. Dilip Kumar alituzwa kwa Daag, na Baiju Bawra ikampa tuzo mwigizaji Meena Kumari na nyingine mtunzi wa muziki, Naushad. Waandaaji walikuwa jarida la Filmfare, lililoanzishwa miaka miwili kabla na wenye gazeti la Times of India. Mwanzoni tuzo zilipewa jina la Clare Mendonca, mhakiki wa filamu wa gazeti hilo aliyekuwa amefariki. Wasomaji zaidi ya 20,000 walipiga kura.

Mshindi alikabidhiwa sanamu ya shaba nyeusi iliyochongwa na N. G. Pansare: mwanamke anayecheza ngoma, mikono ameinyanyua juu ya kichwa. Kimo chake kinakaribia nusu mita, na uzito wake ni kama kilo tano. Tangu hapo wacheza sinema wa Bombay wameitamani sanamu hiyo kuliko kitu kingine chochote cha kazi yao. Hata hivyo, kwa maoni yangu, walioijenga heshima yake zaidi ni wale waliothubutu kuigomea.

Wa kwanza ni mwimbaji Lata Mangeshkar. Katika nyimbo za picha za Kihindi mwigizaji hufungua kinywa tu. Sauti ni ya mtu mwingine, aliyeimba studio na asiyeonekana. Mtunzi wa muziki alikuwa na tuzo yake, mwimbaji hakuwa na chochote. Mwaka 1957 watunzi Shankar na Jaikishan walishinda kwa muziki wa Chori Chori, wakamwomba Lata aje kuimba jukwaani wimbo mmoja wa picha hiyo. Akakataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kama tuzo ni ya mtunzi peke yake, basi na upigwe muziki bila mwimbaji. Mwaka 1959 tuzo ya mwimbaji ilianza kutolewa, na aliyeipokea kwanza ni Lata mwenyewe, kwa wimbo wa picha ya Madhumati. Mwaka uliofuata ilikwenda kwa Mukesh, kisha kwa Mohammed Rafi. Ni mwaka 1968 ndipo wanawake na wanaume walipotenganishwa. Miaka michache baadaye Lata aliomba asishindanishwe tena, ili chipukizi nao wapate nafasi.

Huku kwetu pwani jambo hili linaeleweka bila maelezo mengi. Waliokuwa wakijaza majumba ya sinema ya Unguja, Tanga na Mombasa wengi hawakujua Kihindi, lakini nyimbo walitoka nazo mdomoni. Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni za picha hizo akaziimbia mashairi ya Kiswahili, na zikapigwa arusini mwaka baada ya mwaka. Sauti ndizo zilizovuka bahari, kwa hiyo dai la Lata lilikuwa la haki kabisa.

Mgomo wa pili ulikuja mwaka 1973. Pran, bingwa wa kuigiza maadui, alichaguliwa mwigizaji bora msaidizi kwa Be-Imaan. Akaikataa sanamu. Muziki wa picha hiyohiyo ya Be-Imaan ulikuwa umepewa tuzo, ilhali Pran aliona kwamba aliyestahili ni Ghulam Mohammed, mtunzi wa Pakeezah, aliyefariki mwaka 1968 kabla picha yake haijatoka. Pran hakuwa na faida yoyote katika ugomvi ule. Alipoteza tuzo yake kwa ajili ya marehemu asiyeweza hata kumshukuru.

Miaka mitatu baadaye ikaja zamu ya picha ya Sholay kunyimwa haki. Ilipendekezwa katika vipengele tisa, ikaambulia kimoja, cha uhariri. Deewaar ndiyo iliyotamba. Watazamaji hawakujali, waliendelea kupanga foleni kuiona Sholay kwa miaka.

Baada ya hapo historia inakwenda kwa rekodi. Tuzo tisa za Madhumati hazikupitwa hadi Dilwale Dulhania Le Jayenge ilipozoa 10 mwaka 1996. Black ikapata 11, Gully Boy 13. Sherehe nazo zimeanza kutoka nje ya Mumbai, jina la sasa la Bombay, zikafika Guwahati mwaka 2020 na Gandhinagar mwaka 2024.

Mwaka 2005, katika sherehe ya hamsini, Filmfare iliitangaza Sholay kuwa picha bora ya miaka 50, na kosa la mwaka 1976 likarekebishwa hadharani. Ghulam Mohammed naye anastahili kutendewa vivyo hivyo. Tuzo ya muziki ya mwaka 1973 ilikuwa haki yake.