Uzamili wa Afya ya Umma: Historia ya Jina na ya Kazi

Miaka michache iliyopita ofisi yetu ililetewa maelezo ya kozi, kurasa nne, ili yafasiriwe kwa Kiswahili. Aliyeyaleta alikuwa muuguzi mwenye shahada ya kwanza, mwenyeji wa Kumsenga wilayani Kibondo, ambaye wakati huo alikuwa mtumishi wa halmashauri moja iliyo nje ya Mkoa wa Kigoma. Alikuwa ameomba ruhusa ya kusomea shahada ya uzamili bila kuacha kazi, na maombi yake yalikuwa yapelekwe mbele ya kamati ya madiwani, ambao hujadili na kuandika mambo yao kwa Kiswahili. Mfasiri nilikuwa mimi. Kila palipotajwa taaluma yenyewe niliandika "afya ya jamii", kama nilivyozoea kuisoma magazetini.

Maombi yalirudishwa. Kamati iliuliza kwa nini mtumishi wa ngazi hiyo agharimiwe kusomea jambo ambalo wahudumu wa afya ngazi ya jamii walikuwa wakifundishwa kwa mwaka mmoja na kupewa astashahada. Swali lilikuwa la haki kabisa. Madiwani walisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa changu. Muuguzi yule akapoteza mwaka mzima kwa ajili ya neno moja, nami nikaona ni wajibu wangu kuchunguza neno hilo limetoka wapi na kazi linayoitaja ilianza vipi.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba mafunzo haya, tangu mwanzo wake, yalikusudiwa watu ambao tayari wamo kazini. Uingereza ilitunga Sheria ya Afya ya Umma mwaka 1848, wakati kipindupindu kilipokuwa kikiua watu katika miji ya viwanda. Madaktari wakateuliwa kuangalia maji, mitaro na makazi ya miji mizima, hali wamefundishwa kumtibu mgonjwa mmoja mmoja tu. Upungufu huo ulionekana upesi. Mwaka 1871 Chuo cha Trinity cha Dublin kilianza kuwatahini madaktari katika somo ambalo jina lake la wakati ule tungeweza kulifasiri "uganga wa dola". Cambridge ikafuata mwaka 1875. Hatimaye sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1888 ikaagiza kwamba daktari wa afya wa wilaya kubwa lazima awe na stashahada ya fani hiyo juu ya udaktari wake. Hapa pana jambo la kuwapendeza wanaistilahi: neno la mwanzo halikuwa "jamii" bali "dola". Kilichokuwa kikisomewa ni wajibu wa serikali kwa watu wake, pamoja na elimu ya kuutimiza.

Kwetu sisi wajibu huo ulifika ukiwa na sura nyingine. Wazee wa Buha, yaani nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, walikutana nao katika miaka ya 1930, wakati ugonjwa wa malale ulipoenea. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika porini, ikawakusanya mahali palipofyekwa ili mbung'o wasipate maficho. Kwa upande wa tiba hatua ile ilikuwa na hoja yake, kwa kuwa mbung'o hupenda kivuli cha miombo. Lakini mtu aliyeacha shamba na makaburi ya wazazi wake hakuambiwa kuwa anapewa huduma, aliambiwa ahame. Mijini hali haikuwa tofauti sana: bwana afya alijulikana kama mtu wa kukagua vyoo na kutoza faini. Neno "afya" likaambatana na amri kwa muda mrefu, na ingawa halikustahili, ndivyo lilivyosikika masikioni mwa wengi.

Baada ya Uhuru juhudi kubwa ilifanywa ya kulitoa neno hilo ofisini na kulirudisha kwa wananchi. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao 2,000,000 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Jina lile lilibuniwa kwa ustadi ambao sisi wa mabaraza na kamati hatuufikii mara nyingi: maneno matatu, hakuna hata moja la kueleza. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kuwafikishia watu wote afya, nasi tukawa na msamiati mpya wa kuusambaza. Katika hali hiyo "afya ya jamii" ilienea, ikabeba mambo mawili kwa pamoja: kazi inayofanywa na wanakijiji wenyewe, na taaluma ya chuo kikuu inayochunguza magonjwa ya watu wengi na kupanga namna ya kuyazuia. Kwa miaka mingi mchanganyiko huo haukumdhuru mtu, maana waliosomea taaluma hiyo walikuwa wachache na walijuana.

Mambo yalibadilika wilaya zilipokabidhiwa mipango na fedha. Mageuzi ya sekta ya afya nchini Tanzania, yaliyoanza mwaka 1994, yaliitaka timu ya wilaya iandae mpango wa mwaka na kuueleza kwa tarakimu. Hapo ndipo cheo cha Mganga Mkuu wa Wilaya kilipoonekana kuwa na kitendawili ndani yake. Mganga, kwa mapokeo ya lugha yetu, ni mtu anayekaa na mgonjwa. Mganga Mkuu wa Wilaya hukaa na bajeti, dawa za zahanati zote, magari, chanjo na taarifa za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. (Kwa maoni yangu kifupisho hiki ni miongoni mwa vifupisho vyetu vilivyofaulu zaidi. Wauguzi husema "nimejaza mtuha" pasipo kukumbuka kuwa ni herufi tu.) Mtu aliyefundishwa kupasua na kutibu anapewa watu laki kadhaa na kuulizwa ni ugonjwa gani ushughulikiwe kwanza.

Kibondo iliulizwa swali hilo kwa ukali kuliko wilaya nyingi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, watu kwa maelfu walivuka mpaka. Kambi za Mtendeli, Nduta na Kanembwa zilikuwa ndani ya wilaya hiyo, na Kasulu nayo ikawa na Mtabila, kisha Nyarugusu kwa Wakongo waliokimbia mwaka 1996. Kambini tiba ya mmoja mmoja haitoshi. Viwango vya kimataifa vilivyoandikwa mwishoni mwa miaka hiyo husema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku na choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Mtumishi wa afya lazima ajue kuhesabu kabla hajashika sindano. Wimbi lilirudi mwaka 2015, na mwezi wa Mei mwaka huo kipindupindu kikazuka Kagunga, kijiji cha ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako meli kongwe ya MV Liemba ilikuwa ikiwachukua wakimbizi kuwapeleka Kigoma mjini. Muuguzi wetu wa Kumsenga alikulia katika mazingira hayo. Aliniambia, "Kaka, mimi sikutaka kusoma ili niondoke wodini. Nilitaka kujua kwa nini wodi inajaa kila mwaka mwezi uleule."

Sasa, mtumishi kama huyo anasomaje? Kutoka Kibondo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na zahanati yenye wauguzi wawili haiwezi kumwachia mmoja aende miaka miwili. Vyuo vililijibu swali hili kwa namna mbalimbali. Kinshasa ilifungua shule yake ya afya ya umma katika miaka ya 1980, ikiwalenga hasa madaktari wanaoongoza zoni za afya. Makerere ilianza uzamili wake mwaka 1994 chini ya mpango ulioungwa mkono na Wakfu wa Rockefeller, mpango ambao jina lake lilimaanisha "shule zisizo na kuta": wanafunzi walitumia sehemu kubwa ya muda wao wilayani, wakichunguza matatizo halisi ya mahali walipo. Muhimbili, iliyoanza kama shule ya udaktari mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, iliweka njia mbili, ya mwaka mmoja kwa anayesoma kutwa na ya miaka miwili kwa aliye kazini, ambaye huhudhuria kwa vipindi na kurudi kituoni kwake. Epidemiolojia, takwimu, uendeshaji wa huduma na afya ya mazingira husomwa darasani. Tasnifu yaweza kutoka katika rejesta za kituo chake mwenyewe.

Nirudi kwenye jina. "Umahiri", ambalo baadhi ya vyuo hulitumia kwa shahada ya pili, halina kosa la kisarufi, lakini yataka ujasiri kumwambia mkunga wa miaka 15 kwamba sasa anakwenda kutafuta umahiri. "Uzamili" linakaribiana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwenzi wa kazi au wa masomo. Sidhani kwamba wote wanaolitumia hulifikiria hilo. Hata hivyo linawafaa watu wanaosoma pamoja huku wakifanya kazi pamoja, nami naliunga mkono.

Juu ya "jamii" na "umma" msimamo wangu wa leo si ule wa kurasa nne za mwanzo. Kiswahili tayari kina "utumishi wa umma", "fedha za umma" na "mali ya umma", na katika yote "umma" ni watu kwa jumla pamoja na dola inayowajibika kwao. Ndiyo maana ile ya mwaka 1871. "Afya ya jamii" ibaki kwa kazi ya kijijini, ambako imestahili. Anayebisha na ajaribu kufasiri jina la shule ya Muhimbili inayofundisha fani hii: ataandika "Shule ya Afya ya Jamii na Sayansi za Jamii", halafu amweleze msomaji kwamba jamii ya kwanza si jamii ya pili. Ndugu zetu wa Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Kibondo, hawana taabu hiyo. Kwa Kirundi husema "amagara y'abantu", afya ya watu, na mambo yakaisha.

Maombi yalifasiriwa upya, yakiwa na "Uzamili wa Afya ya Umma" kila mahali, pamoja na aya moja ya kueleza tofauti yake na astashahada. Kamati iliyapitisha katika kikao chake kilichofuata. Nimeambiwa kwamba swali lilikuwa moja tu, la diwani mmoja mzee aliyetaka kuhakikishiwa kuwa mtu akisomea mambo ya umma hatarudi kugombea kata yake.