Ezekieli

Ezekieli (kwa Kiebrania Yehezkel, maana yake "Mungu hutia nguvu") alikuwa kuhani na nabii wa Israeli aliyetoa unabii wake uhamishoni Babeli, katika Iraq ya leo, kuanzia mwaka 593 KK hadi 571 KK hivi. Kitabu chenye jina lake kina sura 48 na kimo katika Tanakh ya Wayahudi na katika Agano la Kale la Biblia ya Kikristo.

Maisha

Alikuwa mwana wa Buzi, wa ukoo wa makuhani. Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuteka Yerusalemu akamchukua mfalme Yehoyakini pamoja na wakuu, askari na mafundi. Ezekieli alikuwa miongoni mwao. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli vinataja mgawo wa mafuta aliopewa Yehoyakini, hivyo habari hii haitegemei Biblia peke yake.

Wahamishwa waliwekwa Tel-abibu, kando ya Kebari. Biblia za Kiswahili husema "mto", lakini inaelekea ulikuwa mfereji wa kuchimbwa, karibu na mji wa Nippur. Hawakufungwa gerezani: Ezekieli alikuwa na mke na nyumba, na wazee walimjia humo kutaka shauri (8:1). Walichopoteza ni hekalu, na kwa kuhani hasara hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu kazi aliyozaliwa nayo haikuweza kufanyika kwingine.

Katika mwaka wa tano wa uhamisho aliona kiti cha enzi juu ya magurudumu yanayokwenda pande zote. Wasomaji wengi huishia kushangaa viumbe wenye nyuso nne. Jambo zito ni mahali maono yalipotokea. Mungu aliyedhaniwa kukaa Yerusalemu alionekana katika nchi ya adui.

Mkewe alifariki ghafla, naye akaagizwa asimwombolezee hadharani, awe ishara kwa watu watakaopotewa na hekalu (24:15-27). Yerusalemu ulianguka mwaka 587 au 586 KK.

Mafundisho

Kabla ya anguko hilo alipinga tumaini la kurudi upesi. Alichora mji juu ya tofali na kuuzingira, akalala kwa ubavu wa kushoto siku 390 na wa kulia siku 40. Habari za anguko zilipofika, ujumbe wake uligeuka kuwa wa faraja.

Sura ya 18 ndiyo yenye uzito zaidi kwa maadili. Wahamishwa walilalamika kwamba wanalipia makosa ya baba zao. Ezekieli alikataa: mwana hahukumiwi kwa uovu wa baba, baba hahukumiwi kwa uovu wa mwana, na mwovu akighairi ataishi. Waliokata tamaa walipata nafasi ya kuanza upya, lakini kisingizio kiliondolewa.

Sura ya 34 inawashutumu viongozi kama wachungaji wanaojilisha wenyewe. Hata kondoo wanono wanahukumiwa, kwa kuwa hunywa kisha huvuruga maji kwa miguu. Msomaji aliyekulia penye mifugo, kama Bariadi, hahitaji ufafanuzi.

Maono ya mifupa mikavu (37) yanahusu kwanza taifa kurudishwa nchini mwake. Baadaye Wayahudi na Wakristo waliyahusisha pia na ufufuo wa wafu.

Kaburi linaloaminika kuwa lake liko Al-Kifl, Iraq. Baadhi ya wafasiri Waislamu humtambua kuwa Dhulkifli anayetajwa katika Kurani (21:85, 38:48).