Cheti cha Usajili: Kipimo cha Kwanza cha Kituo cha Malezi

Mzazi anayemwacha mtoto kituoni ili awahi soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, au shamba wilayani Kilolo mkoani Iringa, anapaswa kwanza kuomba kuona cheti cha usajili. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Shule za awali husajiliwa na wizara yenye dhamana ya elimu. Usajili wa kituo haukifanyi kuwa shule.

Cheti huthibitisha masharti yaliyotimizwa wakati wa usajili, si hali ya leo. Katika baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari hata cheti kikiwa ukutani. Taarifa za namna hiyo hupelekwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri.