Mkuu Mpya wa Afisi ya Alumni Ametangazwa Chuoni Kwenu? Jua Anakuhusu Vipi

Poster imeingia kwa grupu la class yenu. Msee amepiga suti, nyuma yake kuna nembo ya chuo, chini wameandika jina na cheo: mkuu mpya wa uhusiano na alumni. Watu kumi wameandika hongera. Mmoja ameuliza, "Huyu ni wa kutuitisha doo ama?" Wengine wamecheka, halafu grupu kimya.

Wewe uko kwa matatu ya Kiembeni, jam imewashika hapo Bombolulu, na cheti chako kiko nyumbani ndani ya bahasha tangu graduesheni. Unaipita poster. Ngoja kwanza, mwanangu. Huyo msee akifanya kazi yake sawasawa, anaweza kukusaidia kuliko hao kumi waliosema hongera. Asipoifanya, unafaa kujua pia, na ujue wapi pa kumshika.

Alumni ni nani hasa?

Ni mtu yeyote aliyesoma pale akamaliza. Haijalishi ulipata digrii, diploma ama cheti cha ufundi. Haijalishi una kazi ya ofisini ama unapiga hustle ya boda hapo steji. Wengi hudhani alumni ni wale waheshimiwa wanaoitwa kukata utepe. Hapana. Yule fundi wa stima mtaani kwenu aliyesomea Tudor miaka ya 80 ni alumni sawa na mkurugenzi wa kampuni.

Kazi yake ni ipi?

Kazi ya huyu mkuu iko kwa mafungu manne.

Ya kwanza ni daftari. Nani alisoma nini, alimaliza lini, sasa yuko wapi, anapatikana vipi. Bila hilo daftari, mengine yote ni porojo.

Ya pili ni kuunganisha watu: wahitimu kwa wahitimu, na wahitimu kwa wanafunzi walioko darasani. Mwanafunzi anatafuta mahali pa kufanya atachimenti, na kuna mhitimu anasimamia karakana Changamwe. Hawajuani. Mtu wa kuwakutanisha ni huyu.

Ya tatu ni michango: basari, vifaa vya maabara, vitabu.

Ya nne husahaulika: kurudisha sauti yenu chuoni. Kozi inapofanyiwa marekebisho, chuo kinahitaji kusikia waajiri na waliopitia. Kama ulifunzwa na mashine ambayo hakuna kampuni inayoitumia tena, wewe ndiye shahidi.

Pia jua kile hawezi. Hatoi vyeti wala transkripti, hiyo ni afisi ya msajili. Hafuti salio la karo, hilo ni la afisi ya fedha. Na hana kazi mfukoni za kugawa. Akikuahidi kazi siku ya kwanza, shika pochi yako.

Hii kitu ilianzia wapi?

Chama cha wahitimu kinachohesabiwa kuwa kikongwe zaidi kilianzishwa mwaka wa 1821 katika Williams College, jimbo la Massachusetts, Marekani. Chuo kilikuwa karibu kufa. Rais wake alikuwa amehama na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine, na waliosoma pale wakaja pamoja kukiokoa. Kufikia 1913, waliokuwa wakiendesha afisi kama hizi Marekani walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao wenyewe.

Lakini usidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Sisi tuna chama, tuna harambee, tuna michango ya matanga na ya harusi. Shule kama Alliance na Starehe zina wanafunzi wao wa zamani ambao hadi leo hushikana mkono kwa kazi na kwa karo ya wadogo. Akili ni ile ile ya chama cha mtaani. Tofauti ni kwamba hapa kuna afisi, kuna mtu analipwa mshahara, kwa hivyo kuna mtu wa kuulizwa.

Tudor: geti moja, majina matano

Tuchukue mfano ulio karibu, Technical University of Mombasa, TUM. Ukitoka Kiembeni unavuka Nyali Bridge, unashuka Buxton, unaingia Tudor.

Chuo hiki kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Mombasa Institute of Muslim Education, ile wazee wanaita MIOME. Gavana wa wakati huo, Philip Mitchell, aliisukuma hoja. Pesa zilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Zanzibar, kwa jamii ya Mabohora na kwa serikali ya kikoloni. Yaani chuo chenyewe kilizaliwa kwa mchango. Lengo lilikuwa kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi.

Mwaka wa 1966 kikageuka Mombasa Technical Institute. Mwaka wa 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka wa 2007 kikawa chuo kishiriki chini ya JKUAT, kwa jina la Mombasa Polytechnic University College. Januari 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na hapo ndipo jina la TUM likaja.

Sasa piga picha nyumba moja tu hapa Kiembeni. Babu ana cheti cha MIOME. Mzee ana diploma ya Polytechnic. Wewe una digrii ya TUM. Mmepita geti moja, lakini ukitazama makaratasi utadhani mmesoma vyuo vitatu tofauti.

Hapo ndipo kuna noma. Mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imepata vyeti feki zaidi ya 2,000 miongoni mwa wafanyakazi wa taasisi za umma. Tangu hapo waajiri hawachezi, karatasi inakaguliwa. Msee mwenye cheti halali cha jina la zamani anaweza kuulizwa, "Hiki chuo kiko wapi?" Na kama diploma yako ilitahiniwa na KNEC, cheti kilitolewa na KNEC, kwa hivyo uthibitisho unatoka huko. Wengi hawajui, wanazunguka chuoni wiki nzima bure. Afisi ya alumni iliyo macho hukwambia hilo kwa simu moja.

Na kazi je?

Hili ndilo swali lako, najua.

Zamani kijana wa Polytechnic alikuwa na njia zinazojulikana. Bandarini. Bamburi Cement, hapo tu chini yetu Mtambo, iliyoanza kutoa saruji mwaka wa 1954. Refinery ya Changamwe. Lakini refinery iliacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013, mwaka ule ule ambao TUM ilipata hati yake. Chuo kimepanda cheo, na mlango mmoja mkubwa wa kazi umefungwa.

Maana yake ni nini kwako? Wale mafundi wa refinery hawakuyeyuka. Wengine wako Gulf, wengine wamefungua karakana zao, wengine wamestaafu na ujuzi wao uko kichwani, wamekaa baraza wakicheza bao. Nani anajua walipo? Kama chuo hakina daftari, hakuna. Na wewe utaendelea kusukuma CV kwa watu wasiokujua, wakati aliyekaa dawati lako miaka 20 iliyopita ndiye anayezisoma.

Afisi haitakupa kazi, lakini inaweza kukupa jina la mtu wa kumpigia, na mtu huyo akajua kozi yako ni ya kweli kwa sababu aliipitia.

Doo itaenda wapi?

Ukweli usemwe, michango itaitishwa. Harvard ina hazina ya zaidi ya dola bilioni 50, na sehemu kubwa ilianzia kwa zawadi za waliosoma huko. Sisi hatuko huko, na huenda bado una HELB inakudai. Hakuna anayefaa kukuaibisha kwa kutotoa.

Lakini usisahau kijana wa form four pale Kisauni aliyeitwa chuo mwaka huu na nyumbani hakuna kitu. Mia mbili ya watu mia tano ni laki moja. Kabla hujatuma, uliza tu: namba ya paybill ni ya chuo ama ni ya mtu? Nani anakagua hesabu? Basari iliyopita ilienda kwa wangapi? Majibu yakija haraka, toa kwa roho safi. Yakiwa ni hadithi, weka simu mfukoni.

Namba yako iko salama?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakulinda. Chuo kinafaa kukwambia kinataka habari zako za nini, na hakifai kuzipeleka kwa wengine bila sababu ya kisheria kama idhini yako. Una haki ya kuuliza wana nini juu yako, kurekebisha kilichokosewa na kukataa kutumiwa matangazo. Kwa hivyo jaza fomu, lakini isome kwanza.

Maswali 5 ya kumuuliza mkuu mpya

1. Daftari lako lina wahitimu wangapi wanaopatikana leo? Wa majina ya zamani ya chuo wamo?
2. Wanafunzi wangapi walipata atachimenti kupitia wahitimu mwaka uliopita?
3. Mtu wa diploma na wa cheti anahesabiwa kama wa digrii?
4. Hesabu za michango zinatolewa wapi na lini?
5. Tukikutumia maoni kuhusu kozi, yanafika kwa nani?

Usiulize kwa kiburi. Mpe muda, kwa sababu pengine amekuta kabati tupu na kompyuta moja. Lakini baada ya mwaka mmoja, muulize tena maswali yale yale. Hotuba nzuri kila mtu anaweza. Daftari lililojaa ndilo litasema kama alikuwa kazini.

Wewe anza hivi

Wiki hii, toa cheti kwa bahasha. Tazama jina lako na jina la chuo, kipige picha ukihifadhi vizuri. Tafuta barua pepe ya afisi kwenye tovuti rasmi ya chuo, si ile iliyo kwenye meseji ya kuforwadiwa. Tuma mistari mitatu: ulisoma nini, ulimaliza lini, sasa unafanya nini. Kama huna kazi, andika huna kazi. Hiyo pia ni habari, na chuo kinahitaji kuijua kuliko picha za gauni na kofia.

Halafu jioni, ukishuka Kiembeni, mwulize yule mzee fundi jirani yenu alisomea wapi. Akikwambia "MIOME" ama "Poly", mwambie anatafutwa.