Kofia ya Viua: Kutoka Barazani Hadi Sokoni

Kofia ya viua ni kofia nyeupe ya pamba inayoshonwa kwa mkono katika miji ya mwambao, hasa Lamu na Unguja. Ina sehemu mbili: kipande cha mviringo cha juu na ukanda unaozunguka kichwa. Mshonaji huchora nakshi kwa kalamu ya risasi juu ya kitambaa cha tabaka mbili, hutoboa matundu madogo, kisha huzungushia kila tundu uzi mpaka ukingo wake ukaze. Ikifuliwa, hutiwa kanji ili isimame.

Kofia hii inavaliwa Oman pia. Mtawala wa Oman, Seyyid Said, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, uhusiano wa Zanzibar na Oman ulizidi kushamiri. Baada ya 1970, Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walihamia Oman, na leo kofia ya aina hii, iitwayo kumma, ni sehemu ya vazi la taifa la nchi hiyo.

Kazi ya kushona kofia hizi haihitaji duka wala mtaji mkubwa. Sindano, uzi na kitambaa vinatosha, na mtu hushona nyumbani au barazani huku akizungumza na wenzake. Kofia moja huweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Wateja huongezeka karibu na Idi, Maulidi na harusi.

Kofia za mashine ni za bei rahisi zaidi, lakini hazifikii ushonaji wa mkono kwa ubora. Anayethamini ufundi huu na amlipe fundi haki yake.